Friedl Dicker-Brandeis, mwalimu aliyewapa watoto wa kambi karatasi, rangi na majina yao

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti 1945, miezi michache baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika Ulaya, masanduku mawili yalifikishwa katika jumuiya ya Wayahudi mjini Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia ya wakati ule. Ndani hamkuwa na nguo wala pesa. Mlikuwa na michoro ya watoto, zaidi ya 4,000, mingi ikiwa imechorwa kwenye karatasi zilizokwisha kutumiwa. Kwenye michoro hiyo yaliandikwa majina ya watoto walioichora. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuuawa. Mwalimu wao pia.

Mwalimu huyo ni Friedl Dicker-Brandeis, mzaliwa wa Vienna nchini Austria. Hakuwa daktari wala mtaalamu wa saikolojia. Alikuwa msanii. Lakini kazi aliyoifanya kwa muda usiofika miaka miwili ndani ya kambi ya Terezín inahesabiwa leo kuwa mojawapo ya mizizi ya tiba kwa njia ya sanaa, ile inayotumiwa kuwasaidia watoto walioumizwa rohoni na vita.

Kwa wakaaji wa Bunia, historia hii haiko mbali kama inavyoonekana. Jimbo la Ituri limepitia mawimbi ya mauaji tangu 1999. Mapigano yaliporudi katika wilaya ya Djugu mwishoni mwa 2017, familia nyingi zilikimbilia mjini, na kambi kama ile ya Kigonze zikawa makao ya watoto ambao baadhi yao hawakumbuki tena nyumba nyingine. Katika nafasi rafiki kwa watoto zilizofunguliwa na mashirika ya misaada, watoto hupewa karatasi, kalamu za rangi, ngoma, michezo ya kuigiza na mpira. Ni rahisi kwa mtu mzima kuuliza: mtoto aliyeona ndugu yake akikatwa kwa panga, na ambaye jana alilala bila kula, kalamu ya rangi itamfaa nini?

Maisha ya Friedl yanatoa jibu, nalo si jibu la haraka.

Binti wa duka la karatasi

Friedl alizaliwa tarehe 30 Julai 1898 katika familia ya Kiyahudi isiyokuwa na mali. Jina lake kamili lilikuwa Friederike Dicker. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minne tu. Alilelewa na baba yake, Simon Dicker, ambaye alikuwa mfanyakazi katika duka la karatasi na vifaa vya kuandikia.

Duka hilo ndilo lililokuwa kiwanja chake cha michezo. Mtoto aliyekosa mama alikua katikati ya karatasi, penseli, rangi na udongo wa kufinyanga. Vitu vilivyokuwa bidhaa kwa wateja, kwake vilikuwa rafiki. Miaka mingi baadaye, alipojikuta mbele ya watoto waliotenganishwa na wazazi wao, alikuwa anajua jambo hilo kutokana na maisha yake mwenyewe.

Alisomea upigaji wa picha, kisha ufumaji na sanaa ya mikono. Mjini Vienna alifuata pia masomo ya Franz Cižek, mwalimu aliyejulikana Ulaya nzima kwa wazo moja ambalo wakati ule lilikuwa geni: kwamba mchoro wa mtoto ni kazi yenye thamani yake, wala si jaribio bovu la kuiga mchoro wa mtu mzima. Baada ya hapo aliingia katika shule ya msanii kutoka Uswisi, Johannes Itten. Itten aliwafundisha wanafunzi wake kuanza na pumzi na miondoko ya mwili kabla ya kushika kalamu. Mkono, alifundisha, hauwezi kuwa huru ikiwa mwili umekaza.

Mwaka wa 1919 Itten aliitwa kufundisha katika shule mpya ya sanaa na ufundi huko Weimar, Ujerumani, iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Bauhaus. Friedl alimfuata, akakaa huko hadi 1923. Alichora, akafuma, akatengeneza vitabu, akabuni mavazi na mapambo ya michezo ya kuigiza. Walimu wake walimwona kuwa miongoni mwa wanafunzi wenye vipaji vikubwa.

Vienna: viti vidogo kwa watoto wadogo

Kutoka Weimar alikwenda Berlin, kisha akarudi Vienna. Pamoja na mwenzake Franz Singer alifungua ofisi ya kubuni nyumba na vyombo vya ndani. Vitanda vyao vilikunjwa, viti vyao vilipangwa kimoja juu ya kingine, meza moja ilitumika kwa kazi tatu. Katika mji ambamo familia za wafanyakazi ziliishi ndani ya vyumba vidogo, ubunifu huo ulikuwa na maana.

Mojawapo ya kazi zao zilizojulikana sana ni shule ya watoto wadogo katika majengo ya Goethehof, makazi ya wafanyakazi yaliyojengwa na manispaa ya Vienna. Shule hiyo ilifuata njia ya Maria Montessori. Kila kitu kilipimwa kwa kimo cha mtoto, ili aweze kukifikia, kukisogeza na kukirudisha mahali pake bila kumwomba mtu mzima. Katika kipindi hicho hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Friedl alianza kuwafundisha sanaa walimu wa shule za watoto wadogo.

Maisha yake ya ndani hayakuwa mepesi. Uhusiano wake na Singer, aliyekuwa na mke, ulimwachia majeraha. Alitamani sana kupata mtoto na hakumpata. Watoto aliowalea ni wale wa wengine.

Gereza, kisha ukimbizini

Friedl alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, wakati ambapo siasa za Austria ziligeuka kuwa za risasi. Mwaka wa 1934, baada ya serikali kuwavunja nguvu wafanyakazi kwa silaha, alikamatwa kwa madai ya kutengeneza hati za uongo, akahojiwa na kufungwa. Alipoachiliwa alikimbilia Prague.

Hapo alifanya mambo mawili yanayoeleza kazi yake ya baadaye. Kwanza, alitafuta msaada kwa ajili ya roho yake mwenyewe. Alikwenda kwa Annie Reich, daktari aliyetibu kwa njia ya mazungumzo kufuatana na mafundisho ya Sigmund Freud. Pia alichora yale aliyopitia: picha za mahojiano ya polisi, zenye mikono ya mwandishi juu ya mashine na sura ya mwanamke anayehojiwa. Alitambua kwamba jambo ambalo mdomo umeshindwa kulieleza linaweza kupita kwenye mkono, na kwamba likishawekwa kwenye karatasi mtu anaweza kulitazama akiwa amesimama mbali nalo kidogo.

Pili, alianza kuwafundisha kuchora watoto wa familia zilizokuwa zimekimbia utawala wa Wanazi. Msaidizi wake alikuwa msichana mmoja kutoka Vienna, Edith Kramer, aliyezaliwa mwaka wa 1916. Kijana huyo alimtazama mwalimu wake akifanya kazi na watoto waliokosa makwao, na aliyoyaona aliyabeba hadi ng'ambo ya bahari.

Mwaka wa 1936 Friedl alifunga ndoa na binamu yake Pavel Brandeis na kupata uraia wa Chekoslovakia. Mwaka wa 1938, hatari ilipokaribia, alipata kibali cha kuhamia Palestina. Pavel hakukipata. Friedl alikataa kuondoka bila mume wake. Wote wawili walihamia Hronov, mji mdogo wa viwanda vya nguo. Wanazi walipoiteka nchi, Wayahudi walifukuzwa kazini, wakakatazwa kwenda shule, kusafiri na kumiliki mali.

Kilo 50

Desemba 1942 barua ya kuhamishwa iliwafikia. Kila mtu aliruhusiwa mzigo wa kilo 50. Yeyote aliyewahi kukimbia kijiji chake usiku anajua swali hilo: ubebe nini, uache nini? Pamoja na mahitaji ya lazima, Friedl alifunga vifaa vya kuchorea. Inasimuliwa kwamba hata mashuka aliyatia rangi, akiwaza kuwa siku moja yanaweza kuwa msitu katika mchezo wa kuigiza wa watoto.

Walifika Terezín tarehe 17 Desemba 1942. Ulikuwa mji wa ngome uliojengwa mwishoni mwa karne ya 18 kaskazini mwa Prague, ambao Wanazi waliugeuza kuwa kambi ya Wayahudi kuanzia Novemba 1941. Zaidi ya watu 140,000 walipelekwa huko kwa muda wa vita. Karibu 33,000 walifia humo kwa njaa, magonjwa na uchovu. Wengine zaidi ya 80,000 walipakiwa kwenye treni za kwenda mashariki, wengi wao kuelekea vyumba vya gesi vya Auschwitz.

Watoto wengi waliwekwa katika nyumba zao, mbali na wazazi. Friedl alifanya kazi hasa katika nyumba ya wasichana iliyojulikana kwa namba L410. Chumba kimoja kilibeba wasichana zaidi ya 20 kwenye vitanda vya mbao vya ghorofa tatu. Kulikuwa na kunguni, baridi na njaa. Zaidi ya yote kulikuwa na hofu ya treni: asubuhi moja kitanda cha jirani kilikuwa kitupu, na hakuna aliyerudi kueleza treni ilifikia wapi.

Wanazi walipiga marufuku kuwafundisha watoto hao masomo ya shule. Kuimba na kuchora kuliruhusiwa kama kupitisha wakati. Ndani ya mwanya huo mdogo walimu wa kambi walipenyeza shule nzima, na Friedl akapenyeza kazi yake.

Somo lilivyokuwa

Vifaa vilikuwa haba. Karatasi zilikuwa fomu za ofisi zilizotumika upande mmoja, karatasi za kufungia bidhaa na mabaki ya kila aina. Penseli na rangi za maji ziligawanywa kwa uangalifu. Pasipo na rangi, watoto walikata au kuchana vipande vya karatasi na kuvibandika hadi vikatoa picha.

Friedl hakuwaachia watoto karatasi na kuondoka. Masomo yake yalikuwa na mpango. Aliyaanza mara nyingi kwa mazoezi ya midundo aliyojifunza kwa Itten: mkono unafuata mdundo, mistari inapanda na kushuka, mwili unalegea. Mara nyingine alitaja vitu kimoja baada ya kingine kwa haraka, na watoto walivichora papo hapo bila nafasi ya kuogopa kukosea. Mara nyingine walitazama kitu kimoja kwa makini, au picha ya msanii mkubwa wa zamani, wakaitengeneza upya kwa vipande vya karatasi. Kulikuwa pia na saa za kuchora kila mtu alichotaka.

Mpango huo ulikuwa na sababu. Mtoto wa kambi anaishi katika vurugu ambayo hawezi kuitawala. Hajui atakula nini, atalala wapi kesho, nani atakuwepo. Mbele ya karatasi, kwa muda wa saa moja, yeye ndiye mwenye kuamua. Mstari huu uende wapi, rangi ipi ikae karibu na ipi, nini kiingie na nini kibaki nje. Ni utawala mdogo, lakini ni wake. Na kwa kuwa somo lilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho, lilimrudishia kitu ambacho vita huwa vinaiba kwanza: mazoea ya kwamba jambo likianza litamalizika.

Jambo jingine lilikuwa jina. Katika Terezín kila mtu alikuwa na namba ya treni iliyomleta. Katika masomo ya Friedl, kila mtoto aliandika jina lake kwenye mchoro, na mara nyingi pia namba ya nyumba au kundi lake. Kwenye orodha za Wanazi mtoto alikuwa mzigo wa kusafirishwa. Kwenye karatasi ya Friedl alikuwa mtu aliyefanya kazi na kuitia sahihi.

Hakutaka kutengeneza wasanii

Mwaka wa 1943, ndani ya kambi hiyo, yalifanyika maonyesho ya michoro ya watoto, na Friedl akatoa mhadhara kwa walimu na walezi juu ya maana ya mchoro wa mtoto. Lengo lake, alieleza, halikuwa kutoa wachoraji. Lilikuwa kulinda ndani ya mtoto nguvu ya kubuni, ambayo mtu huitumia kusimama tena. Aliwaonya watu wazima wasimharakishe mtoto kufuata mawazo yao ya uzuri, wala kumsahihisha kila mara, kwa sababu mtoto aliyesukumwa hivyo huacha kutafuta njia yake mwenyewe.

Michoro yenyewe inaonyesha alichomaanisha. Kuna watoto waliochora kambi jinsi ilivyokuwa: vitanda vya ghorofa, foleni ya chakula, walinzi, wagonjwa, magari ya kubebea maiti. Lakini mingi inaonyesha nyumba, bustani, meza yenye chakula, maua, vipepeo, wanyama na safari ya kurudi nyumbani. Friedl hakuwalazimisha kuchora mabaya waliyoyaona, na hakuwakataza. Mlango ulikuwa wazi pande zote mbili, na mtoto ndiye aliyechagua wakati wake.

Hapa kuna somo linalopuuzwa hata leo. Mtu mzima mwenye nia njema anaweza kumwambia mtoto aliyenusurika achore siku ya shambulio, kisha akamwuliza maswali juu ya kila mstari. Mtoto hurudishwa katika tukio lile bila kuwa tayari, mara nyingine mbele ya wageni wenye kamera. Hiyo si tiba. Ni mahojiano mengine.

Uzuri uliotumiwa kudanganya

Terezín ilikuwa na upande mwingine mchungu. Wanazi walijua kwamba sanaa ya kambi inaweza kuwafaa. Tarehe 23 Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu waliruhusiwa kuitembelea. Kabla ya hapo maelfu ya watu walikuwa wamesafirishwa kwenda Auschwitz ili msongamano usionekane, kuta zikapakwa rangi, bustani zikapandwa. Wageni walionyeshwa watoto wakiimba mchezo wa muziki uitwao Brundibár. Baadaye sehemu ya mchezo huo iliingizwa katika filamu ya propaganda. Wengi wa watoto walioimba waliuawa muda mfupi baadaye.

Wimbo ule ule uliompa mtoto nguvu ya kupita siku moja zaidi uligeuzwa kuwa pazia la kuficha mauaji. Tofauti haikuwa katika wimbo, ilikuwa katika swali la nani anautumia na kwa faida ya nani. Friedl alikuwa na kipimo chake: mchoro ulikuwa wa mtoto. Haukuwa wa mlinzi, wa mgeni, wala wa mwalimu.

Yeye mwenyewe aliendelea kuchora katika kambi hiyo, sura za watu, maua, mitaa, lakini kazi nyingi za wakati huo hakuzitia sahihi. Majina aliyojali yaandikwe yalikuwa ya watoto.

Treni ya Oktoba

Tarehe 28 Septemba 1944 Pavel Brandeis alisafirishwa kwenda mashariki. Friedl hakuwemo kwenye orodha. Aliomba mwenyewe kuwekwa katika treni iliyofuata ili amfuate mume wake, kama alivyokataa kumwacha mwaka wa 1938. Kabla ya kuondoka, michoro ya watoto iliwekwa katika masanduku mawili na kufichwa katika nyumba ya L410.

Treni yake iliondoka tarehe 6 Oktoba 1944. Ndani yake walikuwemo pia baadhi ya wanafunzi wake. Tarehe 9 Oktoba aliuawa huko Auschwitz-Birkenau, akiwa na umri wa miaka 46. Pavel alinusurika na vita.

Willy Groag, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa nyumba ya wasichana, ndiye aliyeyafikisha masanduku hayo Prague baada ya ukombozi. Leo michoro hiyo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Kiyahudi ya mji huo, na baadhi yake huonyeshwa kwa umma. Kwa watoto wengi waliouawa, karatasi moja yenye jina lao ndiyo alama pekee iliyobaki kwamba waliishi.

Mbegu iliyovuka bahari

Je, kazi hiyo iliwaokoa watoto? Hapana. Hakuna mchoro uliosimamisha treni, na ni kumkosea Friedl heshima kudai vinginevyo. Alichokitoa kilikuwa kingine: kwamba hadi siku ya mwisho wabaki watoto wenye mawazo yao, badala ya kufa ndani kabla ya kuuawa. Waliopona wamesimulia kwa miaka mingi kwamba saa za mwalimu huyo zilikuwa saa ambazo kambi ilisahaulika.

Mbegu yenyewe haikufa. Edith Kramer alifika New York mwaka wa 1938 kama mkimbizi. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi katika shule ya Wiltwyck, iliyopokea wavulana kutoka familia maskini waliokuwa na matatizo makubwa ya mwenendo, wengi wao Wamarekani weusi. Aliwapa rangi na udongo kama alivyoona mwalimu wake akifanya Prague. Mwaka wa 1958 alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo, na baadaye akashiriki kuanzisha mafunzo ya tiba kwa njia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha New York. Alifariki mwaka wa 2014, akihesabiwa kati ya waasisi wa taaluma hiyo, na daima alimtaja Friedl kuwa chanzo chake.

Mafundisho ya Kramer yanaeleza kwa nini njia hii hufanya kazi. Mtoto mwenye hasira akipiga mwenzake, hasira inazaa adui. Hasira ile ile akiipeleka kwenye udongo, akautwanga, kisha akaufinyanga ukawa mnyama mkali, amepata kitu ambacho wengine wanaweza kukitazama, na yeye mwenyewe anaweza kukishika bila kuumia. Nguvu ni ile ile, ila imepewa umbo.

Maana yake kwa Bunia

Mji wa Bunia unajua kinachotokea mtoto anapopewa silaha mahali pa kalamu. Mwaka wa 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga, aliyekuwa kiongozi wa kundi la UPC, kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya umri wa miaka 15 hapa Ituri, kati ya 2002 na 2003. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo. Watoto wa wakati ule leo ni wazazi, na watoto wao wamekuta vita vingine.

Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990. Kifungu cha 31 kinatambua haki ya mtoto kucheza na kushiriki katika sanaa. Kifungu cha 39 kinazitaka serikali kumsaidia mtoto aliyeathiriwa na vita apone mwilini na moyoni. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 nayo inahusu ulinzi wa mtoto. Kwa hiyo karatasi na rangi si zawadi ya huruma wala anasa ya kungojea amani. Ni sehemu ya deni.

Deni hilo halilipwi kwa kalamu peke yake. Mtoto anahitaji kwanza usalama, chakula, maji na mtu mzima asiyebadilika kila wiki. Mtoto asiyelala usiku, aliyeacha kusema, anayejiumiza au anayekojoa kitandani tangu siku ya shambulio anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya ya akili, si kupewa rangi na kuachwa. Friedl alijua mipaka hiyo kuliko wengi.

Lakini alionyesha pia kwamba mengi yanawezekana kwa vichache. Upande wa pili wa karatasi ya ofisi. Udongo wa mtoni. Ngoma na nyimbo za nyumbani ambazo kila jamii ya Ituri inazo. Saa moja maalumu inayojulikana, mahali pale pale, na mlezi yule yule. Watoto wa jamii zinazogombana wakikaa karibu na meza moja, wakigawana rangi nyekundu iliyobaki kidogo. Mtu mzima asiyecheka mchoro, asiyeusahihisha, asiyeuchukua kwenda kuuonyesha kwa wageni bila mtoto kukubali.

Na kabla ya mtoto kuondoka, amwombe aandike jina lake kwenye karatasi. Kama bado hajui kuandika, amwonyeshe herufi moja moja mpaka limalizike.